Akitaka Kuwa Joka, Mkubalie

Huenda vijana wako wanacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja husimulia kisa, wengine huwa mashujaa, na dadu huamua.

Ugomvi huzuka mmoja akikataa kuwa binadamu, akataka kuwa joka. Wenzake hulalamika: atashinda kila pambano peke yake!

Usimkataze. Vijitabu vya kwanza vya mchezo huo vilitoa dawa mapema: joka na aanze akiwa kinda, nguvu zake zikue polepole. Nami naongeza: msimulizi amuulize wanakijiji watampokeaje.

Pengine anayechagua kuwa kiumbe wa ajabu ni yule anayejiona tofauti na wenzake. Mpe nafasi mezani. Ukimfukuza hapo, atakaa wapi?