Tukikopa Nomino, Tusiuze Kitenzi

Bibi yangu alikimbia Palma mwaka 2021, baada ya mji kushambuliwa tarehe 24 Machi. Alifika Pemba kwa jahazi, akapokewa na jamaa, na haukupita muda presha ikampanda. Wakampeleka kwenye zahanati ya wahisani. Daktari alikuwa mgeni, anasema Kiingereza. Pembeni yake aliketi kijana mkalimani, mtoto wa pwani kama sisi. Daktari akaeleza, kijana akafasiri: "Bibi, utachukua dawa asubuhi na jioni, kila siku."

Bibi akaitikia, akapewa karatasi yake. Kwa kuwa ilikuwa saa saba mchana, si asubuhi wala jioni, hakuona haja ya kusimama dirishani. Akarudi nyumbani kupumzika. Jioni akajikongoja hadi zahanati kuchukua dawa, akakuta mlango umefungwa. Asubuhi akaenda tena, foleni ikamshinda. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuwa akifagia pale akamuuliza, "Bibi, kwani dawa humezi?" Akajibu, "Mwanangu, sijaambiwa nimeze. Nimeambiwa nichukue."

Nyumbani tuliicheka hadithi hii baadaye, alipokwisha kupata nafuu. Leo siicheki. Sentensi ya yule kijana haina kosa la sarufi. Upatanisho wa kisarufi umo, njeo imo, na kila neno lake limo katika kamusi. Mwalimu wa sarufi angeipa alama zote. Lakini kwa sentensi hiyo mwanamke mzee alikaa siku tatu bila dawa ya presha. Ndiyo maana nasema, wanafunzi wenzangu, na ninyi walimu wetu mniwie radhi: tunafundishana lugha vibaya. Tunakariri neno mojamoja, na watu hawasemi neno mojamoja.

Tutazame Kiingereza kinavyosemwa kila siku. Kina vitenzi vichache vilivyochakaa kwa kutumiwa: "make", "do", "take", "have", "give". Vyenyewe havibebi mzigo mkubwa. Mzigo umo katika nomino inayofuata. Mwingereza "hu-take" dawa, basi, mtihani, picha, kiti, mapumziko na hata bafu. Mswahili humeza au hunywa dawa, hupanda basi, hufanya mtihani, hupiga picha, huketi, hupumzika, huoga. Hayo ni mambo saba, na kitenzi cha kuchukua hakikuhitajika hata mara moja. Aliyejifunza kwamba "take" ni "chukua" amejifunza jambo la kweli ambalo litamdanganya kila siku.

Wala tusidhani kwamba Kiingereza kina maajabu. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga mbizi na tunapiga hodi, na katika yote hayo hakuna aliyeumizwa. Tunakula kiapo, tunakula njama na tunakula hasara bila kutafuna kitu. Mgeni akifasiri kwamba mfanyabiashara wa Mocímboa da Praia ameitafuna hasara yake kwa meno, tutacheka mpaka machozi. Mbona hatujicheki sisi, tunapofanya vilevile kutoka upande wa pili? Kila mahafali msemaji husimama akasema "anachukua nafasi hii" kushukuru. Anaichukua kwa nani? Kwa Kiswahili, aliyechukua nafasi yangu ameniondoa kitini. Mwenye kushukuru huitumia nafasi. Mwingine atatuambia kwamba "mwisho wa siku" elimu ndiyo muhimu. Kwetu siku huisha jua likitua, na elimu ni muhimu hata asubuhi.

Sisi wa kaskazini ya Cabo Delgado tuna tabu moja zaidi. Nyumbani tunasema Kiswahili, Kimwani au Kimakonde. Shuleni tunafundishwa kwa Kireno. Kisha ikaja gesi ya bonde la Ruvuma, kambi zikajengwa Afungi, na Kiingereza kikawa ufunguo wa kazi. Kijana akiingia kwenye usaili akasema "I have twenty-four years", huambiwa kosa lake ni kufikiri kwa lugha ya nyumbani. Nimeambiwa hivyo mimi mwenyewe, darasani, mbele ya wenzangu. Lakini Mreno naye husema ana miaka ishirini na minne. Mreno ana njaa kama sisi, ana haraka kama sisi. Katika mambo hayo Kiswahili na Kireno wako upande mmoja, na Kiingereza ndicho kilichoshika njia yake. Basi kwa nini lawama imwangukie mama yangu aliyenifundisha kusema, isimguse kamwe mwalimu aliyenifundisha Kireno? Mwalimu anayeyajua haya hawezi kumwaibisha mtoto. Angemwonyesha tu: lugha yako huitia miaka katika kuwa na kitu, ile huitia katika kuwa. Dakika tano zingetosha.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa lugha hukua kwa kukopa, na kwamba anayezuia mkopo anataka Kiswahili kibaki makumbusho. Nakubali kwamba lugha hukua kwa kukopa. Mtu wa pwani hana haki ya kukana hilo. Meza, bendera, leso na kopo tulivikopa kwa Wareno, na hatukudhurika. Ila tazameni wazee wetu walikopaje. Kura ilitoka Uarabuni, simu ikatoka Uajemi, picha ikatoka kwa Mwingereza. Nomino hizo tatu zilikuja kwa njia tatu, na zote zilipofika zilikabidhiwa kitenzi kimoja cha nyumbani: piga. Mwingereza ana kitenzi kimoja cha picha, kingine cha simu, kingine cha kura, wazee hawakuvihitaji. Nomino ilipokewa kama mgeni, ikaoneshwa pa kukaa, lakini mwenye nyumba alibaki kitenzi. Sisi leo tunamkaribisha mgeni, kisha tunampa na funguo za nyumba.

Hasara yenyewe ni kubwa kuliko mtindo. Nguvu ya Kiswahili imo katika kitenzi. Ukisema "tutamwamulia", umetaja watendaji, wakati, mtendewa na kwamba jambo linafanywa kwa ajili yake, yote katika neno moja. Kiingereza hupenda kukivunja kitenzi, kikatoa kitenzi chepesi na nomino: kufanya uamuzi, kutoa jibu, kufanya matembezi, kutoa msaada. Kwao ni kawaida na ni kuzuri. Sisi tunaiga. Somo la mnyambuliko tunafaulu, kisha tunaandika ripoti ambamo hakuna anayeamua, anayejibu wala anayesaidia. Kuna "maamuzi yalifanywa" na "msaada ulitolewa", wala humjui aliyetenda wala aliyetendewa. Mtu aliyekimbia Palma anataka kujua nani atamsaidia, na lini. Kitenzi cha Kiswahili kingemlazimisha mwandishi kusema. Sisemi kwamba "kufanya" ni haramu. Tunafanya kazi na tunafanya biashara tangu zamani. Nasema tusikiite kitenzi hicho pale ambapo kuna chetu kinachotosha: kuamua, kukata shauri, kujibu, kutembea, kusaidia.

Nini kifanyike? Kwanza, walimu wa tafsiri waache kutupima kwa istilahi peke yake. Orodha tunazopewa zimejaa nomino: ugonjwa huu unaitwaje, chombo hiki kinaitwaje. Hakuna aliyetuuliza mtu huufanyaje ugonjwa huo kwa Kiswahili: huugua, hushikwa nao, hupandwa nao au huupata? Kila nomino mpya iandikwe na kitenzi chake. Pili, sisi wanafunzi tujifunze Kiingereza kwa namna hiyohiyo: tusikariri "decision" pasipo "make", wala "homework" pasipo "do". Na tusimuulize Mwingereza sababu, maana hata yeye hana, kama sisi tusivyo na sababu ya kuipiga simu. Tatu, anayetaka kuwa mkalimani apimwe mbele ya mzee asiyejua lugha nyingine. Mzee akielewa, kijana amefaulu.

Yule kijana wa Pemba simlaumu sana. Alifanya tulivyomfundisha: alitafuta neno, akalipata, akalitoa. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na neno jingine karibu zaidi, ambalo kila mtoto wa Palma hulijua kabla hajaona daftari. Meza ya daktari, ile tuliyokopa jina lake kwa Wareno, ilikuwa mbele yake. Aliyoihitaji bibi ni meza nyingine, ya kwetu, ambayo ni kitenzi.