Gari ya katoni

Wapenzi vijana, munasema hamuna kamera ya kujifunzia filme. Musikie basi. Kiripi Katembo, mutoto wa Goma, alikuwa mwanafunzi wa kupaka rangi kule Kinshasa. Mwaka 2008 akafunga telefone juu ya gari ya katoni, ile ya kuchezea, mutoto akaivuta kwa kamba barabarani. Muji ukaonekana toka chini, kwenye miguu ya watu. (Sisi wakubwa hatuangaliaka pale.) Mwaka 2010 akatoa filme ya Kipushi, juu ya jamaa zinazoishi katika uchafu ulioachwa na mine. Alikufa 2015, na miaka 36 tu. Wazazi, mutoto akishika picha ya mavumbi ya Tenke, musimunyanganye telefone mbele ya kuangalia alichoona.