Mwanafunzi Aendaye Ng'ambo Anunue Laini Gani?

Wapo ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo wanaokwenda kusoma Kigali au Kampala, na jambo la kwanza waulizalo wafikapo huko si chakula wala malazi, bali ni laini gani ya simu wanunue. Wengi hushauriwa wanunue ile yenye kifurushi kikubwa cha intaneti. Mimi sikubaliani na shauri hilo.

Kifurushi hicho kikubwa kina faida gani ikiwa mama huku kijijini ana kitochi kisichojua intaneti? Kijana aliye Kigali huzungumza na rafiki zake kwa WhatsApp usiku kucha, lakini hana hata dakika moja ya kupiga namba ya 255. Mama naye akimpigia kwa 250, vocha huisha kabla ya salamu, na salamu zetu, kama mjuavyo, si fupi. Yafaa kwanza atazame simu ya mzazi wake, kisha aulize bei ya dakika za kupiga Tanzania, ndipo aulize intaneti.

Laini ya nyumbani nayo asiitupe. Tangu 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungiwa, na kidole cha kijana hakiwezi kutumwa kwa basi.

Tena, ajapo likizo, apitapo Rusumo achague mtandao mwenyewe. Mawimbi hayasimami forodhani. Simu yaweza kushika mnara wa Rwanda hali mwenyewe yu upande wetu, akatozwa kama mgeni.