Ubao Mama: Rahisi kwa Kipimo Gani?

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Hata hivyo, methali hii haimfai sana asiye na uwezo, kwani haimwelezi afanyeje. Mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani Munyaka, mjini Eldoret, akidunduliza salio la mkopo wa HELB ili ajiundie tarakilishi, hana budi kununua kilicho rahisi. Swali ni hili: urahisi huo upimwe vipi?

Kwa maoni yangu, ubao mama usipimwe kwa bei yake pekee, bali pia kwa gharama ya vyote utakavyomlazimu mwenyewe kununua baadaye. Ubao ndio uamuao kichakataji kitakachoingia katika soketi na aina ya kumbukumbu itakayochomekwa. Kumbukumbu ya DDR5 haiingii katika nafasi ya DDR4. Aidha, jina moja si hoja: ubao wa Intel wa mwaka 2015 wenye soketi ya LGA1151 haukuundwa kupokea kichakataji cha kizazi cha nane cha mwaka 2017, ingawa nacho ni cha LGA1151.

Kwa mfuko mwembamba, napendekeza ubao wa soketi ya AM4, iliyotolewa na AMD mwaka 2016, hasa wenye chipu ya B450 au A520. Ubao huo hupokea kichakataji kama Ryzen 5 5600G, kinachoonyesha picha bila kadi ya ziada. Kwa B450 ya mwaka 2018, sharti programu yake ya BIOS iwe imesasishwa. Mnunuzi aombe ubao uwashwe mbele yake. Ukipata wenye nafasi nne za kumbukumbu, leo tia kipande kimoja cha gigabaiti 8, na muhula ujao uongeze kingine. Hiyo ndiyo haba na haba.

Zipo mbao za mtumba zenye bei ya chini zaidi. Mnunuzi achunguze kapasita zilizovimba na pini zilizopinda. Akumbuke pia kwamba vichakataji vingi vya Intel vya kabla ya kizazi cha nane havimo katika orodha ya Windows 11, ilhali Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Maelezo ya vifaa hivi huandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na asiyeyaelewa hulipa kwanza, akauliza baadaye. Istilahi tunazozikariri darasani zisiishie katika karatasi za mtihani. Zimfikie mnunuzi kabla hajatoa fedha zake.