Stendi ya Mkwajuni ianzie Mbalizi

Mkwajuni ni makao makuu ya Wilaya ya Songwe, lakini anayetoka hapa kwenda Vwawa, makao makuu ya mkoa, kwa kawaida huanza kwa kutoka nje ya mkoa wake. Hupita Galula hadi Mbalizi, mkoani Mbeya, ndipo adake gari la barabara ya Tanzam la kwenda Vwawa au Tunduma. Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016; njia zimebaki zilezile.

Ndiyo maana stendi tuliyozoea, ya uzio, geti la ushuru na safu za fremu, haitoshi hapa. Stendi ni mahali pa kubadilisha chombo, na Mkwajuni chombo cha kwanza ni bodaboda inayomleta mtu kutoka machimbo ya Saza au vijiji vya upande wa Ziwa Rukwa. Mfikirie mama mwenye gunia la mchele. Bodaboda ikizuiwa getini, atamlipa mbebaji, na huku konda keshapiga bodi la kosta kuondoka. Mchoraji aanze na hatua hizo chache za kutoka bodaboda hadi kosta: maegesho ya bodaboda ubavuni mwa kosta, paa linalofika mlangoni mwa gari, stoo ya mizigo, choo chenye maji. Mama lishe na wakala wa pesa wawe njiani mwa abiria, si nyuma ya jengo.

Dar es Salaam wana somo la bei kubwa. Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilizinduliwa Februari 2021 kurithi kituo cha Ubungo. Jengo ni kubwa kweli, ila njia kuu ya mwendokasi iliishia Kimara, na kampuni nyingi za mabasi zikabaki na ofisi Shekilango. Abiria wengi wakaendelea kupandia huko.

Halmashauri ya Wilaya ya Songwe itajibu kwamba fremu ndizo zitakazolipia taa na usafi. Ni kweli, na stendi isiyo na mapato huoza upesi. Lakini fremu isiyopitiwa na abiria hailipi kodi; inafungwa kufuli.

Gumu zaidi liko nje ya mamlaka ya Songwe. Gari la alfajiri kutoka Mkwajuni litashusha wapi Mbalizi, na la Tunduma litapakia wapi, saa ngapi? Mbalizi iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo inayotoa leseni za magari ya pande zote mbili. Halmashauri hizo mbili na LATRA wakutane kabla mkandarasi hajaitwa, na mchoro wa stendi ya Mkwajuni uwe na karatasi ya pili, ya Mbalizi.