Kilo za memba zisigeuzwe sufuri

Koperative zinaweza kuacha kaye na kuingiza kilo za memba ndani ya ordinatere. Sisi tunaunga mukono. Lakini kuko jambo moja ambalo memba wanapaswa kulisimamia wenyewe, wasimuachie fundi peke yake.

Hifadhidata ya aina ya MongoDB inamuwekea kila memba karatasi yake. Kwa karatasi moja kilo 850 zinaweza kuandikwa kama hesabu, kwa ingine kama maneno tu, sababu karani aliandika "850 kg" ao "saki 17". Kwa macho yetu ni kitu kimoja. Kwa mashini hapana. Ukiiuliza ni memba gani walileta zaidi ya kilo 500, yule mwenye kilo za maneno hatokei. Haionyeshi kosa lolote, inamuruka tu. Na kama ile liste njo inagawa mbolea mbele ya mvua ya mwezi wa 11, mama aliyebeba saki 17 anarudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo maneno yageuzwe hesabu, ndiyo. Shida ni namna ya kugeuza. Sisi tunaandika 12,5 na mukato, vile tulifundishwa kwa masomo. Mashini inangojea nukta, 12.5. Ikikuta mukato inakataa. Fundi mwenye haraka anaufuta, basi kilo 12 na nusu zinakuwa 125. Ao anaamuru kila kilichokataa kiwe sufuri. Hiyo sufuri ndiyo inatukasirisha zaidi: inasema memba hakuleta kitu, na kaye inasema alileta. Tunataka nafasi ibaki wazi, jina liingie kwa liste ya kuhakikisha, na maandishi ya kwanza yasifutwe mpaka memba wasomewe kilo zao kwa mukutano, kaye ikiwa mezani.

Meka ni mambo ingine tena. Hakuna programu inayojua meka ya soko fulani inabeba kilo ngapi. Ipimwe kwanza kwa mizani.

Na telefone zisiguswe. Ukigeuza namba kuwa hesabu, sufuri ya mbele ya 099 inapotea, na memba mwenye kulipwa kwa telefone atangojea sana. Tena nani anajumlisha telefone? Ile na namba ya karte ya memba zibaki maneno.