Nani Atamsemea Mgonjwa Ndani ya Kompyuta?

Mgonjwa anayesubiri upasuaji wa goita huwa katika foleni tano kwa wakati mmoja: ya maabara, ya vipimo vya mionzi, ya benki ya damu, ya mtaalamu wa usingizi na ya chumba cha upasuaji. Kila idara hupanga ratiba yake kwa kutazama mashine na watumishi wake, na kila moja huweza kufanya kazi vizuri huku mgonjwa akiumia. Damu ikikosekana asubuhi ya upasuaji, mgonjwa aliyeacha kula tangu usiku wa manane hurudishwa wodini, na nafasi yake hupotea bila mwingine kuitumia.

Tatizo hili limewashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa muda mrefu. Mwaka 1998 Keith Decker na Jinjiang Li walieleza mfumo wa mawakala wa programu kwa ajili ya kupanga wagonjwa hospitalini. Mwaka 2003 Paulussen, Jennings, Decker na Heinzl waliliendeleza wazo hilo: kila mgonjwa awe na wakala wake ndani ya kompyuta, na kila rasilimali, kama vile mashine ya mionzi, iwe na wakala wake pia. Mawakala hao hupatana kuhusu saa za huduma, mithili ya watu sokoni. Wakala wa mgonjwa aliye katika hali mbaya hutoa "bei" kubwa zaidi, na bei hiyo hukokotolewa kutokana na madhara ya kumchelewesha. Dharura ikiingia au mashine ikiharibika, mapatano huanza upya, pasipo kumlazimu mtu mmoja kuipangua ratiba nzima.

Naunga mkono mfumo wa namna hii, kwa sababu unampa mgonjwa msemaji anayezifuatilia foleni zake zote kwa pamoja. Hata hivyo, ubora wake wote umo katika bei ile. Nani anaamua kwamba saa moja ya kusubiri humdhuru zaidi mama mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu kuliko mzee mwenye saratani ya tezi dume? Swali hilo ni la kitabibu na la kimaadili. Jibu lake halina budi kuandikwa na madaktari na wauguzi, kisha lielezwe kwa wagonjwa kwa lugha wanayoielewa. Uwezo wa kulipa usiingizwe kamwe katika hesabu hiyo. Ukiingizwa, wakala atageuka dalali.

Aidha, kompyuta hujua tu kilichoandikwa. Haijui kwamba mgonjwa amesafiri kwa basi siku nzima na hana pa kulala, wala haioni anavyohema kwa shida kabla ya taarifa zake kujazwa. Kwa hiyo muuguzi wa zamu abaki na mamlaka ya kuibatilisha ratiba, na sababu yake iandikwe ili mfumo urekebishwe. Daftari nalo lisitupwe, maana umeme hukatika.

Watumishi wenzangu, tusingoje kuletewa mfumo uliokwisha kukamilika. Tukae sasa katika idara zetu, tuandike ni nani asiyepaswa kusubiri na kwa nini. Nanyi wagonjwa, mnayo haki ya kuuliza: kwa nini nimewekwa nyuma? Mfumo usioweza kulijibu swali hilo haustahili kupanga foleni ya hospitali.